Malaika Aliyeogopa Ziwa

Kisiwani Goziba, Penina alijulikana kwa mambo mawili: sauti na woga. Sauti, maana akisimama mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, kunadi dagaa wake, hata waliokuwa bado majini walijua bei. Woga, maana mwanamke huyu aliyenyamazisha wanaume wazima kwa mdomo tu hakuthubutu kukanyaga ndani ya boti. Hebu fikiri, jamani! Mtu anaogopa maji, na anaishi kisiwani! Kutoka Goziba hakuna daraja wala njia ya panya. Ni boti, au ubaki.

Naye alibaki. Si kwamba alizaliwa hivyo. Kwao ni Buganguzi, kwenye migomba na kahawa, na kwa miaka mingi alivuka ziwa kama wewe unavyovuka barabara. Mpaka siku dhoruba ilipowakuta katikati, injini ikazima, maji yakawafika magotini ndani ya boti. Waliokoka wote, Mungu ni mwema, hata mbuzi waliyekuwa naye. Lakini Penina aliposhuka Goziba alipiga magoti mchangani akasema, "Mimi na ziwa basi." Krismasi mbili zikapita hajaenda kwao.

Na Krismasi kwa Wahaya mnaijua. Ukikosa harusi ya ndugu yako utanuniwa, halafu utasamehewa. Usipoonekana nyumbani Krismasi, watu wanaanza kuuliza kama bado u hai. Siku hiyo sakafu hutandikwa nyasi mbichi, nyumba nzima ikanukia, na kila mtoto aliyerudi huketi juu yake. Sasa mama yake, Ma Kokuhirwa, alikuwa ameweka amri yake: nyasi zake haziingii ndani mpaka Penina aingie. Mwaka wa kwanza furushi lilikaukia mlangoni. Mwaka wa pili mbuzi wa jirani wakalila.

Mwaka huu bibi huyo akapiga simu. "Nimekata tena," alisema. "Lakini magoti yangu yamekwisha, mwanangu. Za mwakani sijui kama nitazikata."

Penina alilia mpaka kope zikavimba. Aliogopa maji, na sasa akaogopa pia kwamba mama yake atazikwa kabla hawajaketi tena pamoja juu ya nyasi zile. Hofu mbili zikamkaba, moja huku, moja huku, akawa hali wala halali.

Krismasi hiyo iliangukia mbalamwezi, wakati dagaa hawavuliwi kwa kuwa mwezi unazishinda taa za wavuvi. Karibu kambi nzima ilikuwa inafunga mizigo kurudi makwao. Kwa hiyo Elikana, mwinjilisti wa Kilutheri pale kisiwani, aliamua igizo la Krismasi lifanyike mapema, Jumapili ya mwisho ya Majilio, kabla watu hawajatawanyika. Akatafuta malaika.

"Mimi?" Penina aliruka. "Mwinjilisti, tafuta mtu mwenye imani."

"Imani nitakuombea. Mimi natafuta koo."

Basi akavishwa mabawa ya wavu chakavu, bado yananuka dagaa, akapandishwa juu ya kreti la soda. Nyota ilikuwa taa ya kuvulia, imefungwa kwenye mlingoti. Wachungaji wa kondoo walikuwa wavuvi watatu, na kwa kuwa kondoo hawakupatikana, walichunga bata. Fimbo nazo hazikuwapo, wakashika makasia. Elikana alikuwa amewafundisha kutetemeka malaika akitokea, na walitetemeka kweli kweli, kwa madaha yote.

Penina akavuta pumzi. "MSIOGOPE!"

Bata wakatimua mbio. Watu wakashika mbavu. Hapo mchungaji wa kwanza, Ta Rutaihwa, nahodha mzee asiyeweza kukaa na utani moyoni, akainua kichwa, akauliza kwa heshima zote za Kihaya. "Waitu malaika, mbona wewe unaogopa?"

We! Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka mwaloni. Uso wa Penina ukawaka kwa aibu na hasira. Angekuwa na dagaa mkononi, Rutaihwa angeondoka na magamba usoni. Lakini ujumbe haukuwa umeisha, ikabidi aumalize. Akatangaza ile furaha kuu, kwamba Mwokozi amezaliwa, na safari hii sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Wachungaji wakainuka kwenda Bethlehemu, yaani pembe ya pili ya uwanja, alikolala mtoto mchanga wa jirani yao Jesca ndani ya tenga. Sasa Elikana, maskini, aliwafundisha kutetemeka akasahau kuwafundisha waache lini. Wakaenda hivyo hivyo, magoti yanagongana, makasia yanagongana, uwanja mzima wakitetemeka, mpaka wakafika kwa mtoto. Mtoto akawatazama, akapiga miayo.

Watu walicheka mpaka machozi. Penina hakucheka. Alisimama juu ya kreti lake akiwaza: kumbe! Kumbe wametetemeka njia nzima, na wamefika. Hata wale wachungaji wa kweli hawakuambiwa usiku umekwisha. Waliambiwa amekuja wa kukaa nao usiku huo huo. Alilisikia neno lile utotoni kila Krismasi, na siku zote akadhani ni la watu jasiri. Jasiri aambiwe "usiogope" ya nini?

Akashuka, mabawa yakinasa kwenye misumari. "Ta Rutaihwa, unaondoka lini?"

"Kesho kutwa asubuhi, hewa ikiwa nzuri."

"Niwekee nafasi katikati. Lakini nitatetemeka."

Mzee akaacha kucheka. "Tetemeka tu, binti yangu. Boti haijali."

Na alitetemeka, msije mkadhani yalitokea maajabu. Alilikaza jaketi la kujiokolea mpaka akahema kwa shida, akashika shati la Rutaihwa likachanika. Wimbi la kwanza lilipowanyanyua akafumba macho.

"Malaika!" Rutaihwa alipaza sauti. "Tupe neno letu!"

"Msiogope!" Penina akafoka, na boti nzima ikaitikia, "Msiogope!" Likaja la pili, wakafanya hivyo hivyo. Kufika katikati ya ziwa alikuwa amefumbua macho, analia na kucheka pamoja, furaha imemjaa hadi kooni. Bukoba walishuka wote sauti zimewakauka.

Alipofika Buganguzi, Ma Kokuhirwa alikuwa ameketi mlangoni kando ya furushi lake. Alimkumbatia bintiye kwa muda mrefu.

"Uliogopa?" aliuliza.

"Njia nzima, mama. Hata sasa magoti yanacheza."

"Hata mimi niliogopa," bibi akasema. "Nilisema nitakufa sijakuona."

Wakaingiza nyasi pamoja, wakazitandika taratibu, wakaketi juu yake. Penina akaushika mkono wa mama yake, mwembamba, bado unatetemeka, akamwambia kwa sauti ndogo ambayo Goziba haijawahi kuisikia: "Usiogope, mama."