Kulabu Badala ya Busu

Zillah Uttley alikuwa na mdomo unaosomeka kuliko mdomo wowote katika banda letu la kufumia. Mitambo ilipoanza kupiga asubuhi, radi ingeweza kupasuka juu ya paa na tusijue. Kwa hiyo sisi wafumaji wa Thornden, kama wenzetu wa mabonde yote ya Lancashire, tuliongea kwa midomo mitupu, bila sauti, kila neno likitanuliwa na kukunjwa mpaka mwenzako aliye upande wa pili wa banda alione. Zillah alilitandaza neno kama mtu anayetandika shuka: alilivuta pembe zote, likalala sawa. Hata ukiwa mbali naye ulijua nani kajifungua, nani kaposwa, na pai ya viazi ya nani iliungua jana.

Meno ya mbele hakuwa nayo mengi. Wafumaji wachache walikuwa nayo, na sababu ni busu. Kipisha, kile kipande cha mti chenye ncha mbili za chuma kinachorushwa huku na huku kupitisha uzi katika nguo, kina tundu dogo ubavuni. Uzi ulioko tumboni mwake hauchukui muda kuisha. Ukiisha, unatia mwingine, unaweka mdomo kwenye tundu, unavuta pumzi, na uzi unatokeza nje. Unatema vumbi la pamba, unaendelea. Huko ndiko kulikoitwa kubusu kipisha. Na kwa kuwa jirani yako alikuangalizia mitambo ulipotoka kidogo, nawe ukamwangalizia yake, busu la mmoja lilikuwa busu la wote.

"Shoga yako akila vitunguu," Zillah aliwaambia wageni wa kazi, "wewe utajua kabla ya mumewe."

Tulicheka. Tulikuwa tumebusu tangu tukiwa na nywele za kusukwa, na mama zetu kabla yetu.

Kisha Annis Pollard akarudi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, anayeishi na mama yake asiyeona katika mtaa uleule wa Zillah. Kifua kikuu kilikuwa kimemlaza hospitali ya milimani tangu majira ya kuchipua, na Novemba walimruhusu. Daktari alisema amepona. Wanawake walimkumbatia mlangoni, wakamletea keki ya tangawizi, wakamwambia amenenepa, jambo ambalo halikuwa kweli. Kisha wakarudi kwenye mitambo yao na hakuna aliyesogelea ya kwake.

Mfumaji asiye na jirani hawezi kazi. Akienda chooni, mitambo yake minne inasimama. Akienda kujaza birika la chai, inasimama. Tulilipwa kwa urefu wa nguo, na meneja naye alipimwa kwa hiyohiyo. Baada ya majuma machache Bwana Holgate, meneja wetu, alimwita Annis pembeni akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba nguo yake isipofikia kiasi cha zamani ifikapo Krismasi, mitambo ile atapewa mwingine. Annis alijua, nasi tulijua, kwamba mwanamke aliyetoka hospitali ya kifua hapewi mitambo katika kiwanda kingine chochote bondeni.

Aliyekuwa jirani yake ni Dora Ormerod, mwanamke mpana, mkarimu, mwenye watoto wadogo nyumbani. Alasiri moja Dora alikwenda kwa Zillah kumweleza la moyoni. Alikuwa mwangalifu. Alimpa Annis mgongo, ili mdomo wake usisomwe, akasema kwamba ameomba kuhamishwa. Annis ni mtu mwema, alisema, lakini yeye hawezi kubusu jeneza akarudi nyumbani kunyonyesha.

Lakini nje giza lilikuwa limeshaingia na taa zimewashwa, na nyuma ya Zillah palikuwa na dirisha. Usiku wa mapema wa Novemba ulikuwa umeligeuza kioo. Annis, akiwa nyuma kule, aliinua macho kutoka kwenye nguo yake akausoma uso wa Dora wote, neno kwa neno, kwenye kidirisha. Zillah alimwona akisoma. Alijaribu kumkatiza Dora, lakini neno la jeneza lilikuwa limekwisha kutoka. Annis akainama akaunga uzi uliokatika. Uzi wenyewe haukuwa umekatika.

Siku hiyo Zillah hakutoka na wenzake. Alikwenda kwa Bwana Holgate akaomba ile mitambo ya Dora, kando ya Annis.

Si kwamba hakuogopa. Dada yake Martha alikuwa amekufa kwa kifua, na Zillah ndiye aliyemshika kichwa. Walter, mume wake, alipopata habari aliweka uma chini akauliza kama ameamua kumfanya mjane. Zillah akamjibu kwamba amekwenda kuomba mitambo, hakwenda kuomba busu, na amalize sahani yake ya utumbo kabla haijapoa.

Alichokuwa anafikiria ni kulabu. Miaka ya nyuma kiwanda kilikuwa kimegawa vijikulabu vya waya vyenye mpini wa mti, vya kuvutia uzi tunduni badala ya mdomo. Tulivijaribu siku moja tukavitupa. Mdomo ulimaliza kazi kabla kulabu haijalipata tundu, na nani alilipwa kwa kutafuta tundu? Zillah aliulizia banda zima, akaambiwa Enoch anayo.

Enoch alikuwa fundi wa mitambo, na mafundi wa mitambo kwetu ndio walioonewa na kila mzaha. Tulisema kuna mmoja alilala na mwavuli kwa sababu jana yake aliota mvua. Zillah alipomwomba kulabu, Enoch alipapasa mfuko wa fulana, akaitoa, akaitazama kwa huzuni.

"Hii ndiyo ninayosafishia kiko," alisema.

"Basi kiko chako kimekuwa na afya kuliko sisi. Lete."

Zillah aliichemsha kwenye sufuria. Ilikuwa nene, ilichana uzi, kwa hiyo aliisugua kwa tupa mpaka ikawa nyembamba kama mfupa wa samaki, na ncha akaikunja upya kwa koleo la Walter. Kila jioni alikaa mezani na kipisha kibovu, akitia na kutoa. Mwanzo alifanya kama tulivyofanya sote: aliweka uzi ndani, halafu akaingiza kulabu kuusaka, kama mtu anayetafuta pete kwenye uji. Siku moja akaacha kusaka. Alitanguliza kulabu tunduni ikangoja ndani, akaulaza uzi juu yake kwa kidole gumba, akazungusha kifundo cha mkono mara moja. Uzi ukatoka wenyewe. Walter anasema alicheka peke yake kama aliyetekenywa.

Mezani ni mezani. Bandani mitambo haingoji kidole gumba. Juma la kwanza karibu na Annis, Zillah aliaibika kama hajawahi kufuma. Mitambo yake ilisimama ovyo, na mmoja wetu alimuuliza kwa mdomo kutoka mbali kama anakichokonoa kipisha masikio. Mwingine akauliza je, Walter naye siku hizi anabusiwa kwa kulabu? Zillah akajibu kwamba Walter ana ndevu, hapo ingehitajika kulabu kubwa zaidi. Lakini nguo yake ilipungua, na Bwana Holgate alipita nyuma yake akasimama muda mrefu kuliko kawaida.

Annis ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Wakati wa chai, mitambo imezimwa, alimwambia kwa sauti kabisa, nasi tukasikia.

"Acha, Zillah. Nitaondoka mwenyewe. Huoni utafukuzwa pamoja nami?"

Zillah alimalizia kutafuna mkate kwanza. Kwa meno aliyokuwa nayo, haikuwa kazi ya haraka.

"Maisha yangu yote nimebusu midomo ya watu nisiowapenda," alisema. "Wewe ninayekupenda ndiye nisiyekubusu. Vumilia kidogo, binti. Mkono wangu unajifunza."

Dora alikuwa kwenye kiti chake ng'ambo ya njia, alikohamishiwa. Aliangalia kikombe.

Mkono ulijifunza kweli. Ilipokaribia katikati ya Desemba, ulikuwa ukiona kulabu ile ikimeta na kuzimika, na kipisha kinaruka, ukashindwa kusema nini kilifanyika. Annis naye alipewa ya kwake, iliyotengenezwa na Enoch kwa ubavu wa mwavuli, na mzaha juu ya mwavuli huo haukuisha. Nguo ya Annis ilipanda. Ilikuwa imebaki kidogo tu kufikia kiasi alichotakiwa.

Kisha hospitali ikamwita kupimwa kifua, asubuhi nzima, katika juma la mwisho kabla ya Krismasi. Mitambo yake ikisimama asubuhi ile, kiasi hakifikiki. Zillah akasema ataendesha yote minane.

Minane haiwezekani. Sote tulijua, na tulimtazama akijaribu. Alikimbia njiani na viatu vyake vya mbao, mpini wa kulabu ukiwa kati ya midomo kama sindano ya mshonaji, kipisha hiki kimeisha, na kile, na uzi umekatika kule mwisho. Hakuna mtambo aliouacha usimame zaidi ya pumzi mbili tatu. Ilikuwa nzuri kuona, kama mtu anayecheza ngoma asiyoweza kuimaliza. Ilipokaribia saa ya chai, nywele zilikuwa zimemganda usoni na mitambo miwili ya Annis ilikuwa imekufa kwa pamoja.

Dora akavuka njia.

Alikwenda moja kwa moja kwenye ule wa karibu, akatoa kipisha, akatia uzi, na kwa mazoea ya tangu utotoni akakipeleka kinywani. Zillah alikuwa kwenye ncha ya pili ya njia, mikono yake ikiwa ndani ya mtambo. Kupiga kelele kusingesaidia kitu. Aliitema kulabu, akaufungua mdomo wake wote, ule mdomo wenye mapengo, akalitandaza neno moja mpaka banda zima tukalisoma: "Usibusu."

Dora akasimama na kipisha kikiwa karibu na mdomo. Tulimwona akikitazama. Kisha akakishusha, akanyoosha kiganja kitupu, akangoja.

Zillah aliokota kulabu sakafuni, akaifuta kwenye aproni, akamletea. Alisimama nyuma yake akaushika mkono wake mnene, akauongoza: kulabu kwanza, ingoje, sasa uzi. Dora alikosea, akakosea tena, akasema maneno ambayo kanisani hatukuyajua. Kisha uzi ukatoka. Akabaki pale mpaka adhuhuri. Mitambo yake mwenyewe iliangaliwa na sisi tuliokuwa karibu, kwa zamu, bila mtu kupanga.

Annis aliingia mchana akiwa bado na kofia. Bwana Holgate alikuwa mbele ya mitambo yake, akiipima nguo kwa macho. Aliinama, akaigusa kwa vidole viwili, akaenda zake kwenye safu nyingine bila kusema kitu, na kwetu meneja asiposema kitu ndiyo amekubali. Annis hakumwona. Alikuwa anamtazama Dora, aliyesimama mahali pake, mikono kiunoni, jasho likimtiririka shingoni, akimtolea maneno makubwa, wazi, uso kwa uso, bila kumpa mgongo.

"Umechelewa," Dora alisema kwa midomo. "Na mtambo wako wa tatu una tabia mbaya. Nani amekuwa akiulea?"

"Wewe," Annis akamjibu, "kabla hujahama."

Dora akachukua chupa yake ya chai kutoka ng'ambo ya njia, akaileta, akaiweka dirishani, pale Annis anapoweka yake kila siku.