Mpaka Mbuzi Acheue

Baba alikuwa na sheria moja ya Krismasi: mbuzi asiyecheua hachinjwi. Kila mwaka tulitoka kwetu, mtaa wa Lindi, kwa miguu hadi mtaa wa Kawangware, jiji lile lile, kwa anti, dada yake, kwa sababu ploti yao ina uwanja wa kutosha mbuzi kufa kwa heshima. Baba anamvuta kope la chini aone kama ndani ni pinki ama nyeupe. Anapapasa chini ya taya, pengine kuna uvimbe. Anaangalia pua, halafu kule nyuma, ambako mimi hucheka. Mwisho anakalia jerikani na kungoja mdomo uanze kuzunguka.

Mwaka wa El Nino baba alikuwa Busia akipakia malori. Alipiga simu kwa duka la jirani yetu akasema atafika mkesha, barabara zikikubali. Mkesha ukapita. Krismasi asubuhi mbuzi alikuwa amefungwa kwa nguzo ya kamba ya nguo, na jirani wa anti, fundi wa viatu, ashanoa kisu.

"Nani atapima?" anti akauliza. Redio ilikuwa imesema mifugo inaugua huko kaskazini.

"Mimi," nikasema.

Fundi akacheka. "Wewe? Si juzi ulimwambia pasta kuku wake ana mimba?"

"Hii nimesomea kwa buda wangu."

Kope: pinki kama ufizi wa mtoto. Taya: safi. Pua ina unyevu. Mbuzi alikuwa mzima kutushinda sote, na hapo ndipo palikuwa na shida. Nikimaliza kupima, kisu kinaanza, na baba atakuta mifupa. Nikasema kope la kushoto silielewi. Nikarudia. Nikamzungusha uwanjani, nikasema anachechemea akielekea choo.

"Hata mimi nachechemea nikielekea choo," fundi akasema. "Wacha mchezo, wewe msupa mdogo."

Mama, ambaye kwa kawaida angeninyamazisha, akasema, "Apewe maji kwanza, atulie." Akaenda kuchota mwenyewe, akapitia getini, njia ile ndefu. Akarudi na maji. Maji tu.

Nikabaki na kipimo cha kucheua. Nikakalia jerikani na kumkinga mbuzi kwa mgongo wangu. Alikuwa anacheua kama manamba wa matatu aliyepata miraa.

"Bado," nikasema. Watoto wa ploti wakaanza kumwimbia acheue. "Bado." Kila geti likilia, mimi na mama tuligeuka pamoja. Aliingia muuza maziwa. Wakaingia wanakwaya.

Anti akaja, akainama, akaona ule mdomo. Hakunitukana. Akanishika kidevu, akanivuta kope la chini, akachungulia.

"Daktari," akasema polepole, "mbuzi wako hana neno. Barabara ndiyo mgonjwa. Tukingoja ipone, hawa watoto watashiba wimbo."

Mbuzi akachinjwa. Nikapewa ini nilipasue, kazi ya baba, nitafute minyoo na madoa. Lilikuwa safi, linang'aa. Mama akachoma kipande cha kwanza, kile cha mpimaji, akaniletea. Nikakiweka kwenye bakuli na kukifunika kwa sahani.

"Mimi ni naibu tu," nikasema. 

Kile kipande kililiwa na paka. Baba akapiga simu baadaye, tumesharudi kwetu, kwa lile duka, laini ikikwaruza. Hata salamu hakumaliza.

"Alicheua?"

"Asubuhi yote," nikamwambia.

Nikasikia mvua ikinyesha upande wake, halafu sarafu zake za simu zikaisha.