Mche wa Figiri Uliojikataa

Mie siku hizi nikipita kwenye bustani za kikundi chetu kule bondeni Vingunguti natembea harakaharaka nimeinamia simu, hata kama simu yenyewe imezima, maana kuna watu hawajamaliza kunicheka, na nawaambieni kabisa, aibu niliipata lakini hasira zangu ziko palepale.

Ilianza hivi. Kwenye tuta langu ulichomoza mche mmoja wa figiri, jamani, majani mapana, laini, wadudu hawaugusi, nikasema huu ndio utakuwa mama wa mbegu za kikundi kizima. Tatizo likawa tuta la jirani yangu Bi Somoe (mama mtu mzima wa Newala, kila kitu anakiacha kichanue kinavyotaka), limejaa figiri za kila sura, nikaona nyuki wakitoka kwake watanichafulia ukoo. Basi nikaufunika mche wangu kwa chandarua, na kila asubuhi kabla sijaenda ofisini (mie karani) nikawa napiga magoti humo ndani na unyoya wa kuku, napeleka chavua toka ua hili kwenda ua lile la mche huohuo. Watu wakipita wanacheka. Nikawakomesha kikaoni: "Nyie chumeni figiri zenu zote, msibakize hata mche wa mbegu. Msimu huu mbegu zinatoka kwangu."

Na wakanisikiliza! Wakachuma wote, isipokuwa Bi Somoe.

Siku ya kugawana wakaja na vikopo vyao, na bibi shamba wa kata nikamwalika mwenyewe (nani alinituma?), nikavaa shati la kanisani, nikatoa na hotuba. Nikavunja ganda la kwanza, tupu. La pili, makapi. Nikapekecha maganda ya kujaa mkono, nikapuliza, likaruka vumbi tu.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mie nikamgeukia Bi Somoe: "Umenichezea mche wangu! Mbona za kwako zina mbegu?"

Bi Somoe akashika kiuno. Bibi shamba ndiye aliyeingilia. "Baba Neema, hujachezewa. Ua la figiri likipata chavua ya mche wake wenyewe, linaitambua kwa vinasaba na kuikataa. Linataka chavua ya mche mwingine, wenye vinasaba tofauti."

"Lakini dume na jike wamo humohumo kwenye ua moja!"

"Wamo, ila ni damu moja, hawaoani. Kabichi hivyohivyo, chainizi hivyohivyo."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mie nikachukia, na mpaka leo nimechukia: mche nimeumwagilia, nimeupigia magoti, kumbe muda wote unakataa na hausemi! Si ungenyauka nijue moja? Unachanua tu, tena kwa madaha!

Vicheko viliisha walipokumbuka vikopo. Mama Rehema, ambaye hizo mboga ndizo zinazosomesha wanawe, akaniuliza taratibu, "Sasa sie tutapanda nini?"

Macho yote yakaenda kwa Bi Somoe, na wa kumfuata alikuwa nani kama si mie?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nisamehe, nimekukosea mbele za watu. Na tunaomba mbegu."

"Hawa watapata," akasema, "wamekuja na vikopo. Wewe chako kiko wapi?"

Sikuwa nacho (nilikuja kugawa, sikuja kupokea), nikakinga mikono, akanimiminia. Nikarudi Kipawa kwa miguu nimefumba viganja, jasho linaingia machoni siwezi kulifuta, simu ya mke wangu inaita mfukoni siwezi kuipokea, na njia nzima naapa: kuchagua mche mmoja nikauona ndio bora kuliko yote, halafu nikawachumisha wenzangu miche yao yote, sirudii mpaka naingia kaburini.