Tunda Lililovaa Shati la Mume Wangu

Mama mkwe wangu alikuwa Mjaluo wa kando ya ziwa, akaolewa huku milimani Itiryo kwa Wakurya. Kwao ziwani, mtu akifa mbali, na maiti yake isipatikane, huzikwa tunda la mwegea badala yake. Ni tunda refu, la rangi ya kijivu, zito kama mtoto mchanga aliyeshiba. Wazee wa ukoo walinung'unika kwamba hizo ni mila za watu wengine. Walipoulizwa wao wana nini cha kuzika, wakachukua majembe. Habari tuliyoletewa kutoka vitani ilikuwa fupi: gari la jeshi limeungua huko Uganda, mume wangu alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, hakuna kilichobaki.

Basi tukazika tunda. Nililivika mwenyewe shati jeupe alilolivaa siku ya kunioa, nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kwa sababu yeye ndivyo alivyopenda. Tulilizika kwenye mahame, boma letu la zamani tulilolihama serikali ilipotukusanya katika kijiji cha ujamaa. Nyumba tulizihamisha, makaburi hayakuhamishika. Juu yake tukarundika matawi ya miiba ili fisi wasifukue, kisha wakaninyoa nywele nikawa mjane.

Vita vilipokwisha tukaambiwa vijana wa kwetu wanarudi, twende ofisi ya kijiji kuwashukuru. Ng'ombe alichinjwa. Wanawake tulishika matawi mabichi, tukaimba mpaka koo zikakauka. Mimi pia niliimba, kwa hasira, maana nilijua shukrani yangu inakwenda kwa waume wa wenzangu. Lori likafika. Akashuka wa kwanza, akashuka wa pili, vigelegele vikapaa. Kisha akashuka mume wangu.

Wimbo haukuisha polepole. Ulikatika. Watu walirudi nyuma wote pamoja, hata mbwa wa mwenyekiti akarudi. Yeye alisimama na begi lake begani, amekonda, anacheka.

"Jamani, mbona mmenyamaza?" akasema. "Mura, ndugu, ni mimi!"

Hakuna aliyejibu. Kwetu iliaminika kwamba mtu aliyekwisha kuliliwa na kuzikwa, akikusemesha ukamjibu, unakuwa umekubali kwenda naye. Aliniona. Aliona kichwa changu kilivyonyolewa, na kicheko kikamfutika usoni. Nilibana midomo mpaka nikasikia ladha ya damu.

Katibu wa kijiji, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, hakumfahamu wala hakuelewa kinachoendelea. Akatoa hotuba yake. Akawashukuru mashujaa wote, akasema sasa tusimame kimya kumkumbuka mwana wa kijiji hiki aliyemwaga damu yake kwa ajili yetu. Akalitaja jina la mume wangu. Na mume wangu akavua kofia, akasimama wima, mikono imenyooka, akakaa kimya pamoja nasi kwa ajili yake mwenyewe. Mpaka leo nikikaa kwenye sherehe na kiongozi akasema tusimame, magoti yangu hukataa kwanza.

Wazee waliamua siku ile ile. Asiingie langoni mwa boma. Akakae kwenye mahame mpaka tunda lifukuliwe na kondoo achinjwe, ndipo ahesabiwe kuwa hai. Waliomwelekeza walimnyooshea fimbo tu, bila neno. Akaenda, anatii kama wanajeshi wanavyotii.

Toka shamba la kijiji, tulipokuwa tukivuna maharage, niliuona moshi wake ng'ambo ya bonde. Moshi mchana, kwenye boma lisilo na mtu! Wenzangu waligeuza migongo ili wasiuone. Saa sita jua likiwa utosini alikuwa akipiga mluzi, ule mluzi wake wa kuita ng'ombe, na ng'ombe wetu waliinua vichwa wote kwa pamoja. Siku moja wakaondoka wenyewe, wakavuka mto, wakaenda kumzunguka. Niliwaonea wivu ng'ombe. Lakini niseme ukweli, niliogopa pia. Nilitaka mume wangu arudi nyumbani, na papo hapo nilitaka kujua kama yule ni yeye.

Siku ya kufukua tulikwenda mchana kweupe. Yeye aliambiwa asimame mbali, karibu na mawe ya jiko la zamani. Miiba ilikuwa kama tulivyoiacha, imekauka, haijaguswa. Udongo ulikuwa umeshikana na majani yameota juu. Wakachimba. Shati likaonekana, jeupe bado, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Mzee aliyekuwa shimoni akalinyanyua, nalo likanyanyuka jepesi.

Ndani hamkuwa na kitu. Hapakuwa na ganda wala mbegu, wala alama ya mchwa. Walichimba zaidi mpaka wakagonga mwamba. Kisha mzee akatoka shimoni haraka, akijipangusa mikono kwenye majani kana kwamba ameshika kinyesi.

"Kaburi limekula," akasema. "Lina mtu wake tayari. Huyu hatuwezi kumrudisha."

Wakaanza kuondoka. Kondoo akarudishwa akiwa hai. Mama mkwe alikaa chini, miguu ameinyoosha. Ndipo nikachoka. Nilichoka na wazee, na hotuba, na kichwa changu kilichokuwa kikiwasha nywele zikiota. Nililichukua lile shati, nikateremka nalo mtoni. Sabuni ilikuwa haionekani madukani wakati ule. Nilikuwa na kipande nilichokificha kwenye pindo la kanga tangu kabla ya msiba. Nikakimaliza chote. Shati lilitoa maji mekundu, kisha maji safi. Nikalikausha juu ya mwamba, nikampelekea.

"Vaa," nikamwambia. "Umepigana, umerudi, na hakuna aliyekwambia asante. Asante, baba. Mimi nakushukuru. Kama nakufa, nife."

Sikufa. Alilivaa, likampwaya. Akafunga vifungo mpaka cha shingoni. Nikajua ni yeye.

Kisha akanieleza. Ile siti ya mbele ilikuwa yake kweli. Asubuhi ile akamwachia mwenzake aliyekuwa na jeraha mguuni, yeye akapanda gari la nyuma. Mwenzake alikataa kwanza, wakavutana, wakacheka. Alipokwisha kukaa alimpa mume wangu chupa yake ya maji amshikie. Gari liliungua mbele ya macho yake. Aliitoa chupa kwenye begi. Bado ilikuwa na maji. Alikuwa hajathubutu kuyanywa wala kuyamwaga.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alifika lini. Alisikia yote.

"Kwao ni wapi?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mwanawe.

"Kusini, mama. Mbali. Sikuwahi kukijua kijiji. Alisema ana mama tu."

Mama mkwe akaipokea chupa kwa mikono miwili, namna ile unavyompokea mtoto wa mtu, akaenda nayo shimoni. Hakuwaita wazee. Aliilaza pale pale palipolala tunda, akaifunika udongo kwa viganja vyake, akimwita nyathina, mwanangu kwa Kijaluo. Tukamsaidia kurudisha miiba. Alipomaliza alimshika mume wangu mkono, akavuka naye bonde, akamwingiza langoni mbele ya macho ya kijiji kizima.

"Kaburi lilikuwa na mtu wake, ndiyo," aliwaambia wazee. "Mtu huyo tumemzika. Wangu mniachie."

Walimwachia. Mume wangu alikaa nami mpaka akazeeka, tukazaa, tukagombana kama watu. Jina la mwenzake hakulitaja kamwe nyumbani. Nilipomuuliza alisema, "Ukimwita, ataitika." Sikuuliza tena.

Mama mkwe, mpaka anakufa, kila akipika ugali alikata tonge akaliweka kando, upande wa mahame. "Alinirudishia wangu," alikuwa akisema. "Na mwenzangu huko kusini bado anaegesha mlango bila kuufunga, akimngoja wake."

Sasa wote wamelala, nimebaki mimi. Kila mwaka viongozi wakishamaliza hotuba zao, mimi huvuka bonde na panga, nikafyeka majani pale penye miiba. Hunyoosha mgongo, nikasema kwa sauti, "Asante, mwanangu, kwa siti uliyokaa." Kisha huondoka papo hapo, bila kugeuka. Mwaka mmoja tu nilisubiri kidogo, nikasikia kitu kama sauti ikiitika. Sasa sisubiri.