Soksi za Taratibu

Atakayekuambia kwamba mchezaji hupimwa kwa mabao, mwulize kwanza kama amewahi kumfulia. Bi Sabuni alikuwa amewafulia wachezaji wa klabu kwa miaka thelathini na mmoja, na kichwani mwake alikuwa na orodha yake ya nani kati ya wale wa zamani alistahili heshima na nani alistahili kofi la kisogo. Vikombe hakuvihesabu. Aliangalia soksi.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya jukwaa kuu: mashine mbili, moja nzima na nyingine iliyotetemeka mpaka ikatembea yenyewe kuelekea mlangoni, sinki la saruji, ndoo ya bati, na nje kamba nne za kuanikia. Baada ya mazoezi tenga la nguo chafu lilimwagwa sakafuni na kazi ikaanza. Wanaume wazima, wenye wake na watoto, walivua soksi kwa kuzisokota, zikamfikia zikiwa ndani nje, zimemeza tope na nyasi, naye akazigeuza moja moja mpaka vidole vikamuuma. Mwenyekiti wa sasa, ambaye enzi zake alikuwa mshambuliaji wa kuimbwa mitaani, alikuwa akizifunga na fundo juu yake. "Miguu ya dhahabu, adabu ya mbuzi," Bi Sabuni alimwambia usoni siku hizo, na mpaka leo mwenyekiti akikutana naye hujikuna kichwa.

Katika miaka yote hiyo ni mmoja tu aliyeleta soksi zimegeuzwa sawasawa, moja imekunjwa ndani ya mwenzake. Huyo alikuwa kipa, kijana mrefu asiye na haraka, waliyemwita Taratibu.

"Mama ndiye aliyenifundisha, shangazi," alisema siku ya kwanza. "Alisema hata anayefua ana mgongo."

Na kwa kuwa mtoto alimwita shangazi, mama yake naye akaanza kumwita wifi. Kila siku ya mechi alipitia chumba cha kufulia kabla ya kupanda jukwaani, wakataniana kama mawifi wa kweli, huyu akidai kaka yake ameozwa mvivu, yule akijibu kwamba ukoo mzima wa mume wake haujui kupika. Hakukuwa na kaka wala ukoo. Kulikuwa na kicheko tu.

Taratibu alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Mama yake hakukanyaga tena uwanjani, na lile neno wifi likazikwa pamoja na kijana.

Basi Jumatatu moja tangazo likabandikwa mlangoni mwa ofisi. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimekarabatiwa, na kitapewa jina la mtu mmoja wa zamani, mchezaji au kocha, anayestahili kuenziwa kuliko wote. Kamati ya watu saba itapiga kura Ijumaa ya wiki inayofuata. Bi Sabuni, mfanyakazi wa siku nyingi kupita wote, alikuwa mmoja wao.

Mji mzima ukageuka kamati. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu kimenyolewa upande mmoja akibishana. Walio wengi walimtaka Mzee Filimbi, kocha wa vikombe vinne, mzee sasa, anayetembelea fimbo na kusahau majina ya wajukuu. Bi Sabuni naye alishaamua hivyohivyo. Mzee Filimbi ndiye aliyempa kazi alipofiwa na mume akiwa na mtoto mchanga, akampa na vyumba viwili vya kuishi nyuma ya uwanja. Kura ya mtu mwenye shukrani haihitaji kufikiriwa sana.

Alasiri ileile akamwaga tenga na kuhesabu. Walioshiriki mazoezi walikuwa ishirini na wawili. Soksi zilikuwa jozi ishirini na tatu.

Ile ya ziada ilikuwa ya sufu ya kijivu. Klabu ilikuwa imeachana na soksi za sufu miaka kumi na tano nyuma. Zilikuwa zimegeuzwa sawasawa, moja ndani ya mwenzake, na shingo zake zimetanuka kama zilivutwa juu ya mguu mnene kuliko saizi yake.

"Nani ananichezea?" akauliza kwa sauti. Mashine mbovu ikasogea hatua moja, ikatulia.

Alizifua. Si kwamba hakuogopa, lakini nguo ikishaingia mikononi mwake hufuliwa, ndivyo alivyoumbwa. Akazianika kwenye kamba ya nne kwa vibanio viwili. Jua lilipoanza kushuka akaenda kuanua. Nguo nyingine zote zilikuwepo. Pale kwenye kamba ya nne vibanio viwili vilikuwa vimeibana kamba tupu, vimefunga kabisa, na chini yake ardhi ilikuwa imelowa.

Alhamisi zikaja tena. Na asubuhi ya Ijumaa, alipofungua mlango aliokuwa ameufunga mwenyewe kwa kufuli, aliikuta ile ndoo ya bati katikati ya chumba, imepinduliwa mdomo chini, namna mtu anavyoipindua akitaka pa kukalia. Akairudisha chini ya sinki. Akageuka kuchukua sabuni. Alipogeuka tena ndoo ilikuwa katikati ya chumba, na hakuwa amesikia hata mkwaruzo.

Hapo akaegemea ukuta. Hakuhitaji mganga wala mtu wa kumwagulia. Alijua ni nani aliyekaa kwenye ile ndoo, na alijua ni lini.

Ilikuwa siku ya fainali, saa moja kabla ya mchezo. Taratibu aliingia mkono kifuani, akapindua ndoo, akaketi. Alikuwa amevua soksi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, na mistari ya sufu ilikuwa imejichora kwenye ngozi.

"Shangazi, kifua kinabana. Sijiwezi. Niendee kwa kocha, maana nikisema mimi ataona naogopa."

Akaenda. Mzee Filimbi alikuwa anachora mishale ubaoni. Kipa wa akiba alikuwa amevunjika kidole, mwingine hakuwepo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kugeuka, kisha akasema, "Mwambie avae."

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumkimbilia daktari, au mama mtu, aliyekuwa ameshapanda jukwaani na mwavuli wake. Badala yake alirudi, akaziokota zile soksi. Kijana hakuweza kuinama, kwa hiyo Bi Sabuni alipiga magoti mwenyewe, akamvalisha, akazivuta kwa nguvu juu ya ule uvimbe mpaka magotini. "Jikaze, mwanangu," alimwambia. "Dakika tisini tu."

Alifungwa mabao manne. Moja lilipita katikati ya miguu yake likijiviringisha polepole, naye amesimama analitazama. Jukwaa likaimba kwamba ameuza mechi. Lisemwalo lipo, watu wakasema, kana kwamba methali ni ushahidi. Waandishi walimwuliza Mzee Filimbi, naye akawajibu, "Muulizeni mwenyewe." Siku ya nne Taratibu alikufa usingizini. Mama yake alizomewa sokoni kabla hata msiba haujaisha.

Na Bi Sabuni? Alifua. Alinyamaza kwa ajili ya vyumba viwili na mtoto wake, na mtoto alipokua akaondoka, akaendelea kunyamaza kwa mazoea. Aibu ya namna hiyo haichuji hata ukiiloweka miaka kumi na tisa.

Wiki iliyofuata soksi zilikuja Jumatatu, zikaja Alhamisi. Ndoo hakuigusa tena. "Basi kaa," aliiambia, akawa anaizunguka anapopita na beseni, kama unavyompisha mgeni. Lakini Ijumaa ilikuwa inakaribia. Akiweka kura yake kwa Mzee Filimbi, kila mchezaji atakayevaa soksi katika chumba kile atazivaa chini ya jina la aliyesema "mwambie avae", na mama wa marehemu, ambaye umri ulishamla, ataondoka duniani akiwa mama wa muuzaji. Akisema, atamvua nguo mtu aliyemvika yeye. Na atajivua mwenyewe.

Ijumaa saa nne asubuhi wakakaa mezani watu saba, na Mzee Filimbi kama mgeni wa heshima kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha. Mwenyekiti akagawa karatasi, akatania kwamba yeye angejipigia kura mwenyewe ila anaogopa macho ya Bi Sabuni. Wakacheka. Bi Sabuni akasimama.

"Nina neno kabla hatujaandika."

"Kama ni soksi zangu, shangazi, niliomba radhi tangu mwaka ule," mwenyekiti akasema, na wakacheka tena.

"Ni soksi, ndiyo. Si zako."

Akayasema yote, kuanzia ndoo mpaka "dakika tisini tu". "Miaka kumi na tisa mnasema Taratibu aliiuza ile mechi," akamalizia. "Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyejua kijana ni mgonjwa ni kocha, na aliyemvalisha ni mimi. Hakuuza kitu. Alikuwa anakufa amesimama golini, nasi tukamwacha azomewe."

Mwenyekiti akakohoa. "Bi Sabuni, Mzee wetu ni mgonjwa, kumbukumbu zake..."

"Mbona hamjampa kiti?" Mzee Filimbi akauliza.

Wote wakageuka. Mzee hakuwa anamtazama Bi Sabuni. Alikuwa anatazama juu kidogo, nyuma ya bega lake, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwepo.

"Nani, Mzee?" mwenyekiti akauliza kwa upole.

"Amesimama tangu tulipoingia. Na miguu ile." Mzee akainua fimbo kuonyesha. "Kwangu huwa anakaa. Binti yangu hugomba, eti kila siku naweka kiti mezani cha nani. Namwuliza huyu, unataka nini? Hajibu. Anavua soksi zake, anazikunja, anaondoka nazo."

Bi Sabuni hakugeuka nyuma. Aliogopa kumwona, na aliogopa zaidi kutomwona.

"Niliwaambia watu wamuulize yeye," mzee akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ileile ya zamani, ya mtu anayesikika uwanja mzima. "Sasa niulizeni mimi. Alichosema huyu mama ni kweli. Jina langu mliondoe kwenye hayo makaratasi."

Mhasibu, aliyeketi karibu na mlango, akainuka bila kuambiwa na kuvuta kiti kitupu mpaka nyuma ya Bi Sabuni. Alipokuwa anarudi mahali pake kile kiti kilitoa mlio mfupi, kama kinavyolia kiti kikipokea uzito. Mwenyekiti, mshambuliaji wa kuimbwa mitaani, akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Karatasi zilipofunuliwa zote saba zilikuwa na jina moja.

Jumatatu alasiri mchoraji wa mabango alikuwa juu ya ngazi akimalizia herufi za mwisho ukutani, juu ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Bi Sabuni alimwaga tenga akijua kwamba mambo yamekwisha. Akahesabu. Ishirini na tatu. Soksi za kijivu zilikuwepo, zimekunjwa vilevile.

"Bado nini tena, mwanangu?" akauliza, na machozi yakamtoka, kwa sababu kwa kweli hakujua.

Kivuli kikaziba mwanga wa mlangoni. Alikuwa mama mtu, amekonda, ameshika mwavuli uleule au ndugu yake. Yaliyosemwa kwenye kamati yalikuwa yameshamfikia, na alikuwa ametoka kusoma jina la mwanawe ukutani. Hakusalimu. Macho yake yalipita kwenye mashine, kwenye sinki, yakatua kwenye ndoo.

"Ni wewe uliyemvalisha?"

"Ni mimi, Mama."

"Kwa mikono yako."

"Kwa mikono yangu."

Mama akaingia. Akaketi juu ya ndoo, taratibu. Kisha akaziona zile soksi kwenye rundo. Hakuuliza zimetoka wapi. Aliziokota, akazitenganisha, akaingiza mkono ndani ya moja mpaka vidoleni, namna kila mama anavyotafuta kama imetoboka. Mkono ukabaki humo.

"Zina joto," akasema. Uso wake wote ulibadilika. "Sasa hivi amezivua." Akamnyooshea Bi Sabuni nyingine. "Shika uone."

Bi Sabuni alipiga magoti sakafuni, mahali palepale alipopiga siku ile, akaingiza mkono. Ndani mlikuwa na baridi kama maji ya bomba alfajiri, baridi iliyopanda mpaka kwenye kiwiko. Angeweza kuitikia tu, na mama angefurahi. Lakini uongo wake alikuwa ameshaumaliza wote.

"Kwangu ni za baridi, Mama."

Nje mchoraji alikuwa anateremka ngazi, na mashine mbovu ilikuwa imetulia. Bi Sabuni alitaka kuutoa mkono, lakini yule mama akaushika juu ya sufu, akaubana kwa mikono yake yote miwili.

"Endelea kushika, wifi," akasema.