Mama kipofu, mbabula, na lile vumbi la katikati ya galaksi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Hii ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Mwenye haraka apite tu.

Ni Goma, miaka ya Zaïre. Tuliishi mtaa wa Ndosho, mimi, mama na mdogo wangu wa kike. Baba alibaki Masisi na ng'ombe zake.

Mama alikuwa kipofu. Tangu macho yazime, mkono wake ulikaa begani mwangu: sokoni, kanisani, kote.

Basi nikapata diplome ya kumaliza sekondari, nikakubaliwa kwenda Lubumbashi kusoma fizikia. Professeur wetu mmoja, mwalimu wa pale sekondari, alikuwa amenitia ugonjwa wa nyota, sikuwa na dawa tena.

Mama hakukataa. Ila baraka hakunipa. Bila baraka yake nisingeondoka, nawaambia kweli.

Asubuhi moja akaniuliza, "Sasa kule utasoma nini?"

Nikamwambia kuna galaksi ambazo katikati yake kunawaka vikali mno, ila vumbi na gesi vimepazunguka, macho hayapenyi.

"Kama haionekane, munajua je kama iko?"

Mbele yetu palikuwa na mbabula, lile jiko letu la makaa. (Usiku tulifukia makaa kwa majivu, ili asubuhi tusiombe moto kwa jirani.) Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu kidogo ya majivu.

"Mama, kuko moto?"

"Kuko."

"Umejua je?"

"Majivu iko na joto."

"Na kule ni vile vile. Moto unapasha vumbi, na sisi tunapima joto ya vumbi."

Mkono wake ulibaki pale, hata nikaogopa ataungua. Kisha akacheka kidogo, akaanza kunipapasa uso.

"Basi wende, mwana wangu. Ata ukibakia hapa, miye sikuonaka. Nakujuaka kwa joto tu."

Nililia, wakuu, na sioni haya kusema.

Siku ya safari alinisindikiza hadi barabarani, mkono begani mwa mdogo wangu.

Mama ametangulia sasa. Nilichojifunza: ukitaka mzazi akuruhusu, mweleze ndoto yako kwa kitu anachoweza kukigusa. Mpaka leo, kabla ya kuinjika chai, nanyoosha mkono juu ya majivu kwanza.

Na ninyi, nani aliwaambia "nenda" huku bado anawahitaji? Andikeni hapo chini, nitasoma zote.