Karavani ya Soy

Nasambu hakuwa mtu wa kununua vitu kwenye simu. Mahindi aliyafikicha kwanza, kitambaa akakivuta pande zote mbili. Lakini Bwana alipomchukua ghafla mume wake, Walubengo, aliona njia moja tu ya kulisha watoto: apate karavani kuukuu, aiegeshe kando ya barabara pale Kimumu, auze chai na chapati.

Alikuwa bado akiomba alipoandikiwa na mtu aliyejiita Ndugu Joseph. Alimtumia picha za karavani nyeupe yenye mstari wa kijani. "Mama, niliokoka pamoja na marehemu," aliandika. "Nimekufikiria wewe kwanza. Nangila hajambo?"

Nangila ni kitindamimba wake. Nasambu alilia kwa shukrani. Bei ilikuwa nusu ya zile alizosikia kwingine, ila ingekomba akiba yote ya marehemu. Ikipotea, hakukuwa na nyingine, na watoto wangerudi kijijini Bungoma.

Katika ushirika wao wa maombi, kitu kikubwa hakilipiwi kabla ya akina mama kukiwekea mikono pale kilipo. Nasambu alimweleza Joseph hivyo.

"Ombea picha, Mama. Mungu hana mipaka. Tuma kwanza, nitakuelekeza."

Linah, dadake marehemu, aliposikia alicheka. "Mama Nangila, picha haina magurudumu! Na hiyo posho mill ya buluu hapo nyuma, ya kusagia mahindi, naijua. Iko kule Soy."

Wakaenda wote wawili. Karavani waliiona wakiwa bado barabarani, ndani ya boma lenye geti wazi, mstari wake wa kijani vilevile. Nasambu aliharakisha hatua. Walibisha hodi, hawakujibiwa, wakaingia. Waliweka mikono ubavuni mwa karavani, wakafumba macho.

"Eeh Baba, tunakushukuru kwa baraka hii…"

"Nyinyi akina mama! Mnaombea kuku zangu?"

Mzee mmoja alisimama nyuma yao na ndoo ya maji. Alijitambulisha kuwa Kimeli, mwenye boma. Ndani ya karavani kuku walikuwa wakikwaruza.

"Mzee, si unaiuza?" Nasambu aliuliza.

"Nani amesema? Hawa watalala wapi?" Alipoonyeshwa picha alizikodolea macho. "Hii ni yangu kabisa. Juzi kijana alikuja kununua mayai, akazunguka hapa na simu. Nilidhani anapenda kuku."

Wakati huohuo Joseph akapiga. Linah aliiweka simu kwenye spika ili wote wasikie.

"Mama, mbona kimya? Niko hapa kando ya karavani na ufunguo mkononi. Kuna mnunuzi mwingine anakuja. Tuma sasa hivi."

Nasambu alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu ila wao watatu.

"Kando ya karavani?" aliuliza polepole.

"Nimeishika kabisa, Mama. Marehemu anatuona."

"Basi nisaidie hii ndoo, kijana," Mzee Kimeli akadakia, "kuku wana kiu."

Simu ilikatwa.

Nasambu aliketi chini kwenye nyasi. Kilichomtetemesha ni jina la mtoto wake. Amelitoa wapi? Linah aliitafuta ile namba kwenye simu yake, kisha akamgeuzia Nasambu skrini. Namba ilikuwa ndani ya group ya WhatsApp ya kuchangia mazishi, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Siku ile ya maziko mwenye namba hiyo alikuwa ameandika, "Pole dada, tuko pamoja." Chini yake kulikuwa na maneno ya Nasambu mwenyewe: shukrani zake, majina ya watoto wake, na ombi la kutafutiwa karavani.

"Alikuwa akilia na sisi," Nasambu alisema.

"Wacha nimtoe kwenye group," Linah akasema.

"Ngoja. Wengine wasome kwanza." Akachukua simu, akaandika kwenye group: *Watu wa Mungu, huyu Joseph si ndugu. Karavani anayouza ni nyumba ya kuku ya Mzee wa watu, nimeishika kwa mkono wangu. Mtu akikataa uone kitu, usimtumie hata shilingi.*

Alituma. Kisha akaanza kusoma majina ya wote waliokuwa kwenye group, moja baada ya jingine, akimuuliza Linah, "Na huyu tunamjua?"